Rubani wa Jicho Moja

Mwamuzi aliinama juu ya ndege ya plastiki ya mzee Gensaku, akawasha kitochi chake, akasogeza kioo cha kukuzia karibu na jicho. Akainuka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akazunguka meza na kuinama tena upande wa pili. Alipoinuka safari hii, uso ulikuwa umembadilika, kama mtu aliyefungua kabati la nguo akamkuta mtu amekaa ndani.

"Mzee Inaba," akasema polepole, "rubani wako ana jicho moja."

Gensaku akacheka. Alidhani ni utani wa waamuzi, maana waamuzi nao huchoka kutazama plastiki tangu asubuhi. Akakipokea kioo, akainamisha kichwa chake chenye mvi, akatazama.

Ilikuwa kweli. Kushoto jicho lilikuwepo, jeusi, kali, na kope zake. Kulia, chini ya nyusi iliyochorwa kwa ufundi, palikuwa na ngozi tupu. Jicho halikufumbwa wala halikujeruhiwa. Halikuwepo tu.

Hilo lilimshtua, lakini alikuwa bado anapumua. Kilichomkata pumzi ni uso wenyewe. Nyusi ya kushoto iliyopanda juu kidogo. Sikio lililochomoza kama mkono wa kikombe. Kidevu chenye kishimo. Kichwa kile chote hakikuzidi punje ya haragwe, na ndani ya haragwe lile Gensaku alimwona mwanawe, ambaye jina lake alipiga marufuku lisitajwe nyumbani mwake. Akashika ukingo wa meza.

Wewe humjui Gensaku, na mtu asiyemjua Gensaku hawezi kuujua ukubwa wa mshtuko ule. Acha nikuoneshe kwanza ni nani aliyeshtuka.

Inaba Gensaku alikuwa fundi wa tatami, ile mikeka minene ya kukalia na kulalia, hapa hapa Shizuoka, nyuma ya soko la mboga. Vidole vyake vilikuwa vinene kama tangawizi kwa kusukuma sindano miaka yote, na mdomo wake ulivishinda vidole. Alijisifia chai ya shamba la mjomba wake. Alijisifia magoti yake. Alijisifia hata namna anavyopiga chafya, eti hakuna mtaani anayepiga chafya moja ikatosha. Sisi tulimwachia, kwa sababu kwenye ndege za plastiki alikuwa na haki. Na usidhani ni jambo dogo. Mji huu unatengeneza ndege za plastiki kama miji mingine inavyooka mikate. Kila ukoo una shangazi aliyepakia vipande kwenye masanduku kiwandani. Kujiita bingwa hapa ni kujitafutia kesi.

Ndege zake zote, lakini, zilikuwa zimeegeshwa. Magurudumu yana tope, chini ya injini kuna doa la mafuta, pembeni ngazi na ndoo, kioo kimefunguliwa na kiti kitupu. Kazi safi, ungeapa kwamba rubani ameenda kukojoa na anarudi sasa hivi. Ila rubani mwenyewe hakuwepo kamwe. "Watu si kazi yangu," alikuwa akisema. "Mtu ukimpunguza kiasi kile anakuwa kama tambi iliyopitiliza kuiva." Hagiwara, daktari wa meno, mpinzani wake, aliyezichonga ndege zake kwa vyuma vile vile anavyotutobolea magego, alimpa jina la mlinzi wa gereji.

Mkewe, Kinue, alichora nyuso za wanasesere wa sikukuu ya wasichana. Mfalme, malkia, wapiga ngoma, wote walipitia mikononi mwake wakiwa vipofu na kuondoka wanaona, maana macho huwekwa mwisho, na akishaweka macho hamgusi tena mwanasesere. Hakuwa na maneno mengi. Alimwita mumewe "baba Tatsuro", kama ilivyo ada ya mwanamke mwenye mtoto, na mtoto wao alikuwa huyo mmoja tu.

Tatsuro alikata tatami vizuri kuliko baba yake, na hilo sisi tulilijua, na baba yake alilijua zaidi yetu ndiyo maana hakulisema. Lakini kijana hakutaka. Nyumba mpya zote zilikuwa zinawekwa sakafu za mbao, na yeye alitaka kwenda kufanya kazi penye bahari na kelele. Hakuthubutu kulisema nyumbani. Akalisema mahali pabaya kuliko pote, kwenye ukumbi huu huu wa maonyesho, mwezi wa Mei kama huu, wakati Hagiwara alipomuuliza kwa uchokozi ni ndege ipi ya baba yake anaipenda zaidi.

"Zote sawa," Tatsuro akajibu. "Zimeegeshwa kama sisi dukani. Hakuna inayokwenda popote."

Watu wakacheka. Hagiwara alicheka mpaka akakohoa. Na Gensaku, aliyezoea kuchekesha na si kuchekwa, akanyoosha kidole kinene kuelekea mlangoni na kutamka mbele ya kaumu yote: "Toka. Siku ndege yangu ikiruka, ndiyo siku utakayokanyaga kwangu."

Kijana akatoka, na akatoka kweli. Sisi tukakisahau kile kiapo, mwenye kiapo naye akakisahau, kwa sababu mtu anayesema mengi hawezi kuyabeba yote. Kilichobaki ni ile marufuku. Kinue akalazimika kumwita mumewe "baba" tu, na baada ya neno lile aliacha upenyo mdogo wa kimya, pale lilipokuwa jina.

Siku ya pili yake Kinue alileta nyumbani daruma, yule mwanasesere mwekundu wa mviringo asiye na miguu, anayeuzwa bila macho. Unaweka nadhiri, unampaka jicho la kushoto. Nadhiri ikitimia unampa la kulia. Kinue alikuwa ameshampaka la kushoto. Gensaku akauliza ni nadhiri gani hiyo, mkewe akasema ni yake. Gensaku akamchukua daruma akamtia kwenye kabati la mafagio. "Sitaki kutazamwa kwa jicho moja ndani ya nyumba yangu," akasema, na mambo yakaishia hapo. Alivyodhani yeye.

Miaka ikapita. Tatami ikapungua, ndege zikaongezeka. Kila mwisho wa mwezi Kinue aliteremka Yaizu kununua jodari, kwa sababu samaki wa bandarini, alisema, si sawa na wa sokoni kwetu. Gensaku alipenda sana samaki yule. Alikinyanyua kipande kwa vijiti, akakitazama kwenye mwanga wa taa, ukingo umenyooka kama umepigwa rula, na kila mara akasema jambo lile lile: "Huyu anayekata samaki huyu ana mkono. Angekata tatami angenitisha." Kinue alimwongezea wali.

Mwaka huu, klabu ya wajenzi ikatangaza meza mpya, ya ndege zilizo angani. Hagiwara akapita dukani kwa Gensaku, hata hakuketi, akasema tu kwamba ni bahati mbaya, meza mpya haina nafasi ya kuegesha. Gensaku akameza kijembe kile pamoja na chai yake, akanunua sanduku la Hayabusa, ile ndege ya kivita iliyopewa jina la kozi, yule ndege mwindaji, na akajifungia.

Kuirusha ndege ya plastiki si kuitundika uzi tu. Milango ya magurudumu imetengenezwa kukaa wazi. Ukitaka ifungike lazima uipige msasa, ujaze nyufa, upige msasa tena, hadi tumbo liwe laini kama yai. Pangaboi linalozunguka halionekani mapanga yake, kwa hiyo aliyakata yote na kuweka mahali pake duara la plastiki angavu, akalipitishia rangi ya moshi hafifu kabisa. Akapinda fimbo angavu juu ya mvuke wa birika na kuichomeka tumboni, ndege ikainama bawa la kushoto kana kwamba imeona kitu chini. Ilipendeza mpaka yeye mwenyewe akakosa la kujisifia kwa muda.

Likabaki moja. Ndege iliyoegeshwa inaweza kuwa tupu. Ndege iliyo angani bila rubani ni ajali.

Akaenda jikoni na kijitu cha plastiki cha kijivu juu ya kiganja, Kinue anaosha mchele. Akamwomba amchoree, yeye aliyechora wafalme.

"Itaruka kweli, baba?"

"Fimbo ipo, mwinamo upo, magurudumu nimeyakunja. Nani atasema hairuki?"

"Sikuuliza wengine watasemaje. Nakuuliza wewe."

"Itaruka, mama."

Kinue akakausha mikono. "Basi nipe huyo mtu."

Alimrudisha baadaye amelazwa juu ya karatasi laini, amevaa kofia ya ngozi, miwani ya upepo ameipandisha kwenye paji. Gensaku akakagua mikanda, kifua, viatu. Mikanda iko sawa, akasema. Na uso, Kinue akauliza. Uso ni uso, akajibu bila kutazama, akampachika kitini kwa kibano, akateremsha kioo na kukizungushia gundi. Kioo kikishaganda hakifunguki bila kuvunjika. Kinue akapendekeza ndege ikae kwenye kijishubaka cha sebuleni, pua ielekee dirishani, mwanga ni mzuri upande ule. Na aliyekaa sebuleni aliona ubavu wa kushoto peke yake. Miaka yote Gensaku alijenga vitu vya kutazamwa kutoka juu. Hakukumbuka kwamba kinachoruka watu hukizunguka.

Sasa rudi nami ukumbini, alipo bado ameshika ukingo wa meza.

Mwamuzi alikuwa mtu wa adabu. Alisema kazi ile ndiyo bora mezani, tumbo lile hajapata kuona, kombe limeshasogea upande huu. Ila lazima ajue jambo moja. "Hili jicho ni makusudi au ni kosa?"

Hagiwara, aliyesimama nyuma yake, akamnong'oneza sikioni, na jambo hilo nalo lilimshtua, kwa sababu hakuwa anamcheka. "Sema alipigwa risasi. Walikuwepo waliorudi na jicho moja. Sema hivyo, mzee, kombe lako." Kumbe mpinzani naye hapendi kumshinda mtu aliyeanguka mwenyewe.

Lakini Gensaku alikuwa mbali. Alikuwa kwenye kabati la mafagio. Jicho la kushoto ndilo huanza.

Akaomba dakika, akavuka ukumbi. Kinue alikuwa kwenye benchi karibu na mashine ya vinywaji, kopo la chakula mapajani, amekaa wima kama anayesubiri treni.

"Umenifanya nini?"

"Uliniomba mtu, nikakuchorea mtu."

"Mbele ya watu wote hawa."

"Na wewe ulisema mbele ya watu wote hawa," Kinue akajibu. "Ulisema siku ndege yako ikiruka. Nikakuuliza jikoni kama itaruka kweli. Ukasema itaruka, baba Tatsuro."

Jina lilitua kama sahani iliyodondoka. Gensaku akaketi bila kuangalia anaketi wapi. Kiapo kile kilimrudia kizima, pamoja na kidole chake kilichonyooka na kicheko cha watu. Akatafuta pa kutorokea. Akasema hata hajui kijana yuko wapi, pengine kaskazini, pengine ng'ambo, dunia ni pana.

Kinue akafunua kopo na kulisukuma kwake. Ndani, pembeni ya matonge ya wali, vilipangwa vipande vya jodari vilivyopikwa na tangawizi, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Huyo mwenye mkono," akasema.

Gensaku alivitazama vile vipande. Vijiti vikamtoka mkononi, kimoja kikabiringika chini ya mashine, hakukifuata. Miezi yote ile. Matonge yote yale aliyomeza, na sifa alizomwaga juu ya sahani, na mwanamke anaongeza wali.

"Yaizu?"

"Yaizu."

"Yaizu hii? Ya vituo vitatu?"

"Nyingine sijaisikia."

Alidhani mwanawe yupo upande wa pili wa dunia, na kumbe yuko mahali ambapo ukipanda treni hujamaliza hata kumenya chungwa umeshafika. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Akauliza kwa nini hakumwambia. Kinue akasema marufuku ilikuwa kutaja jina, na jina hakulitaja. Samaki hakupigwa marufuku. Kisha akamtajia nambari ya simu kwa kichwa. Kupiga hakukuwa kazi yake.

Simu ya ukumbini ilikuwa ukutani. Upande wa pili palikuwa na kelele za maji na vyuma, mtu akapaza sauti kumwita Inaba, wa visu, aje haraka. Kisha pumzi.

"Nani?"

"Imeruka," Gensaku akasema.

Maji yanamwagika huko.

"Baba?"

"Nimesema imeruka. Mama yako amekuweka ndani, na jicho moja. Watu wanakutazama hapa kama kituko."

"Nimevaa mabuti ya kazi. Nanuka samaki."

"Njoo na mabuti."

Aliporudi mezani mwamuzi alikuwa bado anangoja jibu, na nusu ya ukumbi ilikuwa inangoja pamoja naye. Gensaku akasema jicho lile ni makusudi, ila si makusudi yake, na kwamba ndege haijamalizika. Akatoa mfukoni kisu chake chembamba. Mwamuzi akamkumbusha kwa upole kwamba ukiigusa kazi baada ya hukumu kuanza, imetoka mashindanoni. Hagiwara akamshika mkono. "Una wazimu, mzee? Sentensi moja tu na ushindi ni wako."

"Nishikie taa," Gensaku akamwambia.

Kioo hakikukubali. Kilipasuka kwa mlio mdogo, ufa ukakimbia toka mbele hadi nyuma, na watu waliozunguka meza wakashika vinywa. Daktari wa meno akageuza uso kana kwamba ni yeye anayetobolewa. Gensaku akaviinua vile vipande viwili na kuviweka juu ya kitambaa. Sasa rubani alikuwa wazi, hana kinga, nusu anaona.

Tatsuro aliingia akiwa na mabuti meupe hadi magotini na harufu iliyofungua njia kabla yake. Watu wakapisha. Juu ya kichwa, pale palipokuwa na msitu, palibaki vichaka viwili pembeni. Hakumsalimu mtu. Alimwinamia mama yake kidogo, akaisogelea ndege, akaizunguka mzunguko mzima, akachuchumaa kulitazama tumbo, akapitisha kidole hewani bila kugusa, pale ilipokuwa milango ya magurudumu. Baba yake alisimama kama aliye mbele ya daktari.

"Baba," Tatsuro akasema hatimaye, "hii haijaruka. Imesimama kwenye fimbo."

Hakuna aliyesogea. Mwamuzi akasahau kuzima kitochi. Tulimwona Gensaku akivuta pumzi, kile kidole kinene kikaanza kunyanyuka chenyewe, kikafika usawa wa kiuno, kikasita hapo. Kisha kikabadili njia, kikaelekea kwenye upara wa mwanawe.

"Na wewe nywele zako zimekwenda wapi?"

"Zimeruka, baba."

Aliyecheka kwanza ni Kinue, na wengi wetu hatukuwahi kusikia kicheko chake. Tuligeuka kutafuta kinatoka kwa nani. Wakati tunamtafuta, yeye alikuwa ameshachomoa burashi kwenye kishungi chake cha nywele, ile ya unywele mmoja na nusu, na kifuko cha mkononi kikatoa kichupa cha rangi nyeusi. Gensaku akavitazama vile vitu. Alikuja navyo toka asubuhi. Mwanamke huyu alijua.

Hagiwara akasogeza taa. Tatsuro akasimama mbele ya mama yake bila kuambiwa, amegeuza shavu la kulia kwenye mwanga, na Kinue akamtazama yeye, akalitazama haragwe, akashusha mkono mara moja tu. Alipouinua, rubani alikuwa anaona kotekote.

Gensaku akainama. Akasogea kulia kidogo, akasogea kushoto.

"Mama," akanong'ona, "huyu ananitazama vibaya."

"Ndiye mwenyewe," Kinue akasema, akaipuliza rangi ikauke.